Siku Moja Istanbul Ukiwa Peke Yako: Mwongozo Kamili wa Kula na Kuzurura, Vezneciler Hadi Moda

Wanaokwenda Istanbul peke yao kwa siku moja, wengi wao wakiwa wanasubiri ndege ya kuunganisha, hurudi na malalamiko yanayofanana. Walishiba saa tatu asubuhi kwa kifungua kinywa kilichopangwa kwa watu wawili. Wakasimama foleni Sultanahmet hadi mchana, wakapanda vilima mpaka magoti yakalalamika, na jioni wakala samaki wa bei ya kitalii chini ya Daraja la Galata kwa sababu njaa iliwakutia hapo.

Kinachoharibika ni mpangilio, na mpangilio unarekebishika. Mwongozo huu unaanzia juu ya kilima, kwenye msikiti wa Süleymaniye, na kushuka hadi gati za Eminönü na Karaköy, unakula kidogo mara nyingi, na unavuka bahari mchana badala ya usiku, kwenda Kadıköy na Moda, upande wa Asia. Hagia Sophia, kasri la Topkapı na Msikiti wa Bluu havimo. Vinahitaji siku yake, na ukivichomeka katikati ya ratiba hii utakosa vyote viwili, chakula na makumbusho.

## Vinavyohitajika

Ruhusa ya kuingia. Ukitaka kutoka nje ya uwanja wa ndege lazima uwe na haki ya kuingia Uturuki. Masharti hutofautiana kwa pasipoti na hubadilika, kwa hiyo hakiki kwenye tovuti rasmi ya viza ya kielektroniki ya Uturuki, evisa.gov.tr, kabla ya kununua tiketi.

Fedha. Noti kubwa kabisa ya lira ni 200. Beba noti za 50, 100 na 200, kwa sababu wauza mkate wa simit na kome hawapendi kadi. Badilisha kiasi kidogo tu uwanjani, kingine mjini kwenye duka lililoandikwa *döviz*. Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa lira au kwa fedha ya nyumbani kwako, chagua lira. Ukichagua ya nyumbani, kiwango cha kubadilishia kinawekwa na wao, na huwa hakikufai.

Simu. Pakua ramani ya Istanbul ya kutumika bila mtandao kabla ya kusafiri, pamoja na kamusi ya Kituruki. Pawa benki ya mAh 10,000 inatosha siku nzima.

Viatu na nguo. Utatembea kama kilomita 7, sehemu kubwa juu ya mawe yanayoteleza mvua ikinyesha. Soli iwe na meno. Vaa viatu vinavyovulika haraka, kwa sababu ya msikiti. Kwa Novemba hadi Machi, koti la kuzuia upepo ni la lazima: sitaha ya feri ina baridi kuliko barabara.

Vitu vidogo. Mtandio kwa mwanamke, suruali au sketi inayofunika magoti kwa yeyote, tishu, chupa ya maji ya nusu lita, na begi jepesi la mgongoni. Begi kubwa liache uwanjani sehemu iliyoandikwa *emanet*.

Matamshi manne. Ukiuliza njia kwa matamshi mabaya hutaeleweka. *Ç* isome ch, *ş* isome sh, *c* isome j, na *ğ* usiitamke, refusha irabu inayoitangulia. Kwa hiyo kituo cha kwanza, Vezneciler, ni "veznejiler".

## Chagua siku na saa kwanza

Jumapili epuka. Kapalıçarşı, soko kubwa la paa, hufungwa siku hiyo, na maduka ya jumla ya mteremko wa kuelekea Eminönü mengi hufunga nayo, kwa hiyo sehemu nzima ya katikati ya safari hii inakuwa milango ya mabati tu. Ijumaa inawezekana, lakini Süleymaniye hutaingia kama mgeni wakati wa swala ya mchana. Jumanne hadi Alhamisi ndizo siku nzuri zaidi.

Saa ya Uturuki ni ileile ya Afrika Mashariki mwaka mzima, hivyo hakuna haja ya kugusa saa yako. Jua ndilo litakalokushangaza. Desemba huchomoza karibu saa 2:25 asubuhi na kuzama karibu saa 11:35 jioni, wakati Juni linazama karibu saa 2:40 usiku. Mtu aliyezoea magharibi ya saa kumi na mbili na nusu hujikuta amechelewa Moda kwa saa nzima wakati wa baridi. Angalia saa ya kuzama kwa tarehe yako, halafu hesabu kurudi nyuma: unatakiwa uwe Kadıköy zikiwa zimebaki saa tatu jua lizame.

Mwezi wa Ramadhani migahawa ya upande wa Süleymaniye hupungua mchana, ya Kadıköy huendelea. Saa ya futari viti hujaa pote. Mtu mmoja hupata nafasi akitangulia kama dakika 40.

## Hatua ya 1: Kadi ya usafiri na treni ya kuingia mjini

Fuata alama ya *Metro* kwenye Uwanja wa Istanbul. Kabla ya mageti kuna mashine za kuuzia Istanbulkart, kadi inayotumika kwenye metro, tramu, basi, feri na Marmaray, treni ya chini ya bahari. Chagua lugha, nunua kadi, weka salio la safari sita hadi nane.

Onyo: usitegemee mashine ikurudishie chenji. Ukiingiza noti ya 200, hesabu kwamba 200 yote inaingia kwenye kadi. Hakikisha ndicho ulichotaka kabla ya kuiachia noti.

Panda M11 hadi Gayrettepe, mwisho wa njia kwa upande wa mjini. Hapo fuata alama za M2 kupitia njia ndefu ya chini ya ardhi, kisha panda treni ya kuelekea Yenikapı na ushuke Vezneciler. Jipe saa moja na nusu tangu geti la kwanza la metro hadi hewa ya nje. Basi ni raha zaidi kwa mwenye mizigo, lakini foleni ya asubuhi ya Istanbul haitabiriki, na siku yako ni moja.

Umefaulu ikiwa treni imepita juu ya daraja lenye maji pande zote mbili, kituo cha Haliç, na kinachofuata ni Vezneciler. Ukiona Yenikapı umepitiliza kituo kimoja. Vuka upande wa pili urudi.

## Hatua ya 2: Kifungua kinywa kidogo, kwa makusudi

Hapa ndipo siku nyingi huharibika. Mkahawa wenye maandishi *serpme kahvaltı* unauza meza nzima: jibini za aina kadhaa, zeituni, mayai, asali, malai, mikate. Ni chakula kizuri sana, na kimepangwa kwa watu wawili au zaidi. Mtu mmoja hulipia cha wawili, hula nusu, na tumbo lake halina kazi tena hadi alasiri.

Chukua kimojawapo kati ya hivi, basi:

- Simit moja, mkate wa duara wenye ufuta, kutoka kwenye mkokoteni wa barabarani. Mzuri huvunjika kwa mlio na ndani ni laini. Ukipinda bila kuvunjika umelala tangu jana.
- Börek, mkate wa tabaka nyembamba, ya jibini (*peynirli*) au nyama (*kıymalı*), ukiomba *yarım porsiyon*, nusu.
- Kama lazima ukae mezani, omba *kahvaltı tabağı*, sahani ya mtu mmoja.

Kunywa glasi moja ya *çay*. Ni ndogo, nyembamba kiunoni, haina maziwa. Shika ukingo wa juu, chini inaunguza.

Ukisimama pale ukiwa bado ungeweza kula kingine, umefanya sawasawa.

## Hatua ya 3: Süleymaniye, juu ya kilima

Toka Vezneciler, tembea dakika 10 hivi kuelekea kaskazini ukizunguka ukuta wa Chuo Kikuu cha Istanbul. Msikiti unaonekana juu ya mapaa.

Sababu ya kuanzia hapa ni mwinuko. Kutoka hapa kila kitu kiko chini yako hadi baharini. Wanaoanzia Eminönü hupanda njia hiihii wakihema na kufika wakiwa hawana hamu ya kula.

Kuingia ni bure. Vua viatu, uvibebe au uviweke kwenye rafu. Wageni wasioswali husubiri nje wakati wa swala ya jamaa, kama nusu saa. Baada ya ndani, zunguka nyuma hadi kwenye uwanja unaotazama maji ya Haliç, mkono wa bahari unaoingia mjini, na mnara wa Galata. Hiyo ndiyo ramani yako hai: chini mkono wa kulia Eminönü, daraja, ng'ambo Karaköy, na mbali kulia kabisa, upande wa Asia, ndiko utakakoelekea mchana. Simama hapo mpaka uielewe. Dakika tano za kutazama hupunguza kuangalia simu siku nzima, na mtu aliye peke yake akitembea ameinamia simu ndiye anayefuatwafuatwa.

Vyoo viko nje ya msikiti, vya *bay* wanaume, vya *bayan* wanawake. Beba sarafu au noti ndogo, vingi hutoza. Kumbuka kanuni hii kwa siku nzima: ukibanwa, tafuta msikiti ulio karibu.

## Hatua ya 4: Mlo mkuu, na neno dogo "az"

Mbele ya Süleymaniye kuna safu ya migahawa ya *kuru fasulye*. Ni wali maharage. Maharage meupe yaliyopikwa taratibu kwa nyanya na siagi, mara nyingine kwa nyama, pembeni wali wenye punje zinazoachana. Kula hapa kati ya saa tano na nusu na saa sita na nusu, kabla wafanyakazi hawajafurika.

Agiza *pilav üstü kuru*: maharage juu ya wali, sahani moja. Ukiagiza wali na maharage mbalimbali unaletewa sahani mbili kamili na hutamaliza. Ongeza *turşu*, achari ya mboga, kwa sababu uchachu wake unakata mafuta, na *ayran*, mtindi uliochanganywa na maji na chumvi. Mkate utawekwa mezani bila kuombwa. Uache. Ndio unaoshibisha watu kabla ya wakati.

Kama maharage si yako, tafuta esnaf lokantası, mgahawa wa wafanyabiashara wa eneo. Utautambua kwa trei za moto nyuma ya kioo, watu wanaokula haraka, na kukosekana kwa mtu mlangoni anayekuita ndani. Hii ndiyo aina ya mgahawa inayomfaa msafiri wa peke yake kuliko zote Istanbul, na inastahili kuelezwa vizuri.

Huhitaji menyu wala lugha. Nenda kwenye kioo, nyoosha kidole. Mpakuaji atakutazama akisubiri kipimo, na hapo sema az, maana yake kidogo. Utapata kama nusu ya sahani na bei itapungua kwa kiasi chake. Kwa *az* tatu, tuseme mbilingani za nyama, mchicha kwa mtindi na supu ya dengu, mtu mmoja anaonja meza ya watu watatu. Kukaa meza moja na mgeni ni kawaida, salimu kwa kichwa na ule. Bili hulipwa *kasa*, mezani kwa mhasibu karibu na mlango.

Yanayokwenda vibaya: kufika saa tisa alasiri. Chakula hupikwa mara moja asubuhi. Trei nyingi zikishaisha zimeisha, na kilichobaki kimekauka. Na ukiona sehemu ina picha za chakula zilizopauka na bei hazipo popote, pita.

Mwanamke anayependa utulivu aulize *aile salonu*, sehemu ya familia, mara nyingi ghorofa ya juu. Haimaanishi lazima uwe na familia.

Umefaulu ikiwa umesimama ukiwa umeshiba robo tatu, na bili imeandikwa au imesomwa kitu kwa kitu.

## Hatua ya 5: Kushuka hadi Eminönü

Shika mteremko wowote wa upande wa mashariki wa msikiti, utaangukia Uzunçarşı Caddesi, barabara nyembamba ya maduka ya jumla: vikapu, vifaa vya jikoni, vifungashio, mizani. Wabeba mizigo hushuka kwa kasi na mikokoteni. Ukisikia kelele nyuma, kaa ukutani kwanza, tazama baadaye.

Chini kabisa kuna msikiti mdogo wa Rüstem Paşa, umejengwa juu ya maduka, na mlango wake ni ngazi ambazo watu hupita bila kuziona. Panda. Vigae vya İznik vya ndani ni vya kukaa navyo dakika 15.

Kutoka hapo ingia Hasırcılar Caddesi, inayokwenda hadi mlango wa Mısır Çarşısı, soko la viungo. Nunua hukuhuku nje. Ndani ya soko ni pazuri kutazama, lakini viungo, karanga na peremende za aina ileile kwa kawaida huwa nafuu mtaani. Mambo matatu ya kununulia:

1. Sema uzito kabla hajaanza kujaza: *yüz gram*, gramu 100. Mkono wa muuzaji ukiachiwa hujaza nusu kilo.
2. Pistachio onja kwanza. Ikiwa na ladha ya mafuta ya zamani, mfuko mzima ndivyo ulivyo.
3. "Zafarani" ya bei rahisi sana iliyorundikwa kama chai si zafarani. Mara nyingi ni maua ya alizeti-miba yaliyokaushwa. Yanatia rangi, hayana harufu.

Kwenye kona ya soko utaona foleni mbele ya dirisha la kahawa, Kurukahveci Mehmet Efendi, duka lililoanza 1871. Foleni inatisha kwa urefu, lakini inakwenda mbio. Pakiti ya gramu 100 ni zawadi nyepesi.

## Hatua ya 6: Eminönü, daraja na Karaköy

Pale ufukweni mashua za balık ekmek huuza mkate wa samaki wa kuchoma. Kula kama una hamu, ukijua mambo mawili: samaki anaweza kuwa na miiba, kwa hiyo tafuna polepole, na mkate ni mkubwa mno kwa mtu mwenye vituo vinne mbele yake. Maoni yetu ni kuvuka na kumtafuta Karaköy muuzaji wa *balık dürüm*, samaki aliyetolewa miiba na kuviringishwa kwenye mkate mwembamba pamoja na vitunguu na viungo.

Kwa vyovyote pitia glasi ndogo ya *turşu suyu*, maji ya achari. Ni makali, ya chumvi, na yanaamsha tumbo.

Vuka Daraja la Galata kwa miguu, ghorofa ya juu. Karibu nusu kilomita tu. Tembea upande wa ndani, mbali na wavuvi: wanarusha ndoano kwa nyuma kabla ya kurusha mbele. Ghorofa ya chini ni migahawa ya samaki yenye watu wa kukuvuta. Ukikaa, uliza bei ya samaki kwa kilo na kwa samaki mzima aliyepimwa kabla hajaingia jikoni. Bei ya kilo pekee haikuambii kitu kama hujaona mizani.

Karaköy ni zamu ya baklava. Karaköy Güllüoğlu, karibu na gati, huuza kwa sahani. Nenda kaunta, omba vipande viwili au vitatu vya mchanganyiko, *karışık*, badala ya sahani nzima ya aina moja. *Fıstıklı* ni ya pistachio, *cevizli* ya jozi. Baklava nzuri hutoa mlio uma ukiingia, na sukari yake haibaki ikitiririka kwenye sahani. Kunywa chai isiyo na sukari pembeni.

Kuna wanaotaka kupanda hadi mnara wa Galata. Usipande kwa miguu baada ya kula. Tünel, treni fupi ya kilimani iliyofunguliwa 1875, inakupeleka juu kutoka Karaköy kwa kadi yako ndani ya dakika chache. Lakini kama ni majira ya baridi na saa nane imepita, acha mnara, wahi feri.

## Hatua ya 7: Feri ya Kadıköy

Gati ziko Eminönü na Karaköy zote. Soma jina kwenye lango: Kadıköy. Lango la jirani linaweza kuwa Üsküdar, na safari za kitalii za "Bosphorus tour" ni kitu kingine kabisa, chenye bei nyingine. Gusa kadi, ingia, subiri ukumbini mpaka milango ifunguliwe.

Kaa sitaha ya nje, mkono wa kulia wa mwelekeo wa chombo. Upande huo unakupa Topkapı, Hagia Sophia na minara ya mji mkongwe ikipita yote kwa mpangilio, bure, kwa dakika 20 hadi 25. Wanaokaa ndani upande wa kushoto hushuka wakiuliza uzuri uko wapi.

Büfe ya ndani inauza chai na simit. Shakwe hufuata chombo na huchukua mkate mkononi mwa mtu aliyezubaa.

Kinachoweza kukwama ni lodos, upepo mkali wa kusini-magharibi, hasa wakati wa baridi, na ukungu pia. Feri husitishwa bila mjadala. Ukikuta milango imefungwa usisubiri: tembea au panda tramu T1 hadi Sirkeci, shuka Marmaray, treni inayopita chini ya bahari, hadi Ayrılık Çeşmesi, kisha M4 kituo kimoja hadi Kadıköy. Marmaray hukata nauli ya umbali wote unapoingia. Ukitoka, gusa kadi kwenye mashine iliyoandikwa iade ili tofauti irudi. Watu wengi hupita bila kugusa na kulipa nauli ya kuvuka mji mzima.

## Hatua ya 8: Soko la Kadıköy

Ukishuka gatini vuka barabara, ingia vichochoro vya soko hadi Güneşlibahçe Sokak. Hapa ndipo tumbo ulilolitunza tangu asubuhi linapolipwa. Zunguka mara moja bila kununua, dakika 20. Samaki, zeituni, jibini, asali, achari. Muulize muuzaji *tadına bakabilir miyim*, naweza kuonja? Wengi hukupa kipande kabla hujamaliza sentensi.

Mzunguko wa pili, kula kwa utaratibu huu, chepesi kwanza:

Midye dolma, kome waliojazwa wali wa viungo, huuzwa kwa kimoja kimoja. Muuzaji anafungua, anakamulia ndimu, anakupa, na ataendelea kukupa mpaka useme *yeter*, yatosha. Uliza bei ya kimoja, anza na vitatu. Nunua dukani au penye foleni tu. Kome waliokaa juani kwenye trei alasiri ya joto ndio wanaowalaza watu hospitalini, na harufu yoyote kali ni sababu ya kuacha.

Lahmacun, mkate mwembamba wenye nyama ya kusaga iliyopakwa. Omba *bir tane*, moja. Weka majani ya parsley (*maydanoz*), kamulia ndimu, viringisha, ule kwa mkono. *Acılı* ina pilipili, *acısız* haina.

Kokoreç, utumbo wa kondoo uliochomwa kwenye mkuki na kukatwakatwa. Mpenda matumbo atafurahi. Omba *çeyrek*, robo mkate. *Yarım* ni nusu mkate na kwa siku hii ni nyingi.

Ukitaka kukaa, Çiya Sofrası iko mtaa huohuo, na sufuria za vyakula vya Anatolia zinaonekana kwa macho. Saladi na vitangulizi hupimwa kwa mizani, hivyo chukua kijiko kimoja cha kila kimoja, usijaze sahani.

Malizia na kahawa ya Kituruki. Sukari hupikwa ndani, huwezi kuongeza baadaye, kwa hiyo sema mwanzoni: *sade* bila sukari, *orta* ya wastani, *şekerli* tamu. Kunywa maji kwanza, subiri dakika mbili machicha yatulie, na acha tabaka zito la chini kwenye kikombe.

## Hatua ya 9: Moda

Kutoka sokoni fuata njia ya kusini, kama kilomita moja na nusu, au panda tramu ndogo ya T3 inayozunguka Kadıköy na Moda. Fika ufukweni dakika 45 kabla ya jua kuzama. Kuna bustani za chai juu ya bahari na mawe ya kukalia chini yake. Mtu anayekaa peke yake hapa hashangazwi na yeyote, nusu ya waliopo wako hivyo. Jua hushukia upande wa mji mkongwe uliotoka asubuhi.

## Mitego inayolengwa kwa mtu wa peke yake

Mwanamume anayetembea peke yake Taksim, İstiklal au Sultanahmet hufuatwa na "rafiki" mchangamfu anayeuliza saa au anayetokea naye ni mgeni mjini. Baada ya dakika kumi anapendekeza kinywaji sehemu anayoijua. Bili yake hulipwa kwa kulazimishwa. Jibu salama ni kutokubali sehemu yoyote aliyoichagua mtu uliyekutana naye barabarani, hata kama ni chai tu.

Mpiga viatu rangi akidondosha brashi mbele yako, endelea na safari. Ukimwokotea atakushukuru kwa kukusafisha viatu, kisha atadai malipo.

Teksi: gari lisiondoke kabla ya *taksimetre* kuwashwa. Fuatilia njia kwenye ramani yako, na lipa kwa noti moja moja ukitaja thamani yake kwa sauti, kwa sababu ubadilishaji wa noti mkononi ni hila ya zamani. Dharura zote, polisi na gari la wagonjwa, ni namba 112.

## Hatua ya 10: Kurudi

Mwenye ndege kutoka Uwanja wa Istanbul aondoke Kadıköy saa tano kabla ya kuruka: mbili za njia, tatu za ukaguzi na umbali wa milango, ambao uwanjani hapo ni mrefu kweli. Njia isiyotegemea bahari wala foleni ni M4 hadi Ayrılık Çeşmesi, Marmaray hadi Yenikapı, M2 hadi Gayrettepe, M11 hadi uwanjani. Gusa *iade* ukitoka Marmaray. Anayeruka kutoka Sabiha Gökçen ana bahati, M4 kutoka Kadıköy inafika moja kwa moja, ila hakikisha mapema ndege yako iko uwanja upi. Viwili hivi viko pande mbili tofauti za mji, na aliyekosea haokoki kwa teksi.

Metro hufunga karibu saa sita usiku. Ijumaa na Jumamosi baadhi ya njia huendelea, nyingine hazikeshi.

Baklava na kahawa unaweza kuzibeba mkononi hadi ndani ya ndege. Asali, maji ya komamanga na siki huhesabiwa vimiminika: chupa inayozidi mililita 100 itachukuliwa kwenye ukaguzi, hata ikiwa imefungwa vizuri. Ukisafiri bila begi la kupakiwa chini, usinunue chupa hizo Kadıköy.